Kutikisa na Kutikiswa: Shingo ya Mwanadamu Mbele ya Hesabu ya Mtetemo

Kitenzi "tikisa" kikinyambuliwa hutoa sura tatu ambazo kila mzungumzaji wa Kiswahili huzitumia bila kufundishwa: mtu hutikisa kichwa anapokataa jambo, hutikiswa kichwa anaposafiri kwa gari katika barabara yenye makorongo, na kichwa chake hutikisika tu pale ambapo msemaji hajali ni nani au ni nini kilichokisukuma. Mnyambuliko huo ni wa kisarufi, lakini ndani yake limo swali la kifalsafa, kwa kuwa mwendo wa kichwa unaweza kuwa ule ule katika sura zote tatu, ukapimwa kwa chombo kile kile na kuchorwa kwa mstari ule ule, na bado watu wakakubaliana kwamba yaliyotokea ni mambo matatu mbalimbali. Ikiwa tofauti ya kutikisa na kutikiswa haimo katika mwendo wenyewe, basi iko wapi? Insha hii inalichunguza swali hilo kwa kupitia tawi la uhandisi ambalo kwa nje linaonekana kuwa mbali na falsafa, yaani uundaji wa modeli za kihisabati zinazoeleza jinsi kichwa na shingo ya mwanadamu vinavyoitikia mtetemo wa mwili mzima.

Mtetemo wa mwili mzima ni ule unaoingia mwilini kupitia kitu kinachoubeba mwili, kiwe kiti, sakafu au kitanda, na hutofautishwa na ule unaoingia kupitia mikono ya mtu aliyeshika mashine ya kutobolea mawe. Dereva wa lori, mwendesha trekta, rubani wa helikopta na abiria wa basi wote hukutana nao kila siku ya kazi au ya safari. Hupimwa kwa mambo mawili: idadi ya mitetemo inayokamilika katika sekunde moja, ambayo kizio chake ni hezi, na mchapuko, yaani kiasi ambacho mwendokasi hubadilika kadiri muda unavyopita, unaoandikwa kwa mita kwa sekunde mraba. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2631-1, katika toleo lake la mwaka 1997, hushughulikia mitetemo ya hezi 0.5 hadi 80 panapohusika afya na starehe, na ile ya polepole zaidi, ya hezi 0.1 hadi 0.5, panapohusika kichefuchefu cha safari, ambacho wasafiri wa baharini hukijua vizuri siku ya mawimbi. Ndani ya wigo huo mwili ulioketi una udhaifu wake maalumu, kwa sababu mtetemo wa wima unaokaribia hezi 5 hukuzwa na mwili badala ya kupunguzwa, mfano wa bembea ambayo ikisukumwa kila inaporudi huzidi kupanda ingawa mkono unaoisukuma haukuongeza nguvu. Hali hiyo wataalamu huiita resonansi. Kichwa, ambacho kwa mtu mzima kina uzito wa kilo nne na nusu hadi tano hivi, na ambacho kimekaa juu ya pingili saba za shingo, hakiishii kupanda na kushuka pamoja na kiti, bali huinama na kuinuka pia, kana kwamba mwenye nacho anakubali hoja ambayo hakuna aliyeitoa.

Mhandisi anayetaka kuueleza mwendo huo kwa hesabu huanza kwa kuuvua mwili karibu kila kitu unachojulikana kwacho. Kichwa hubaki kuwa tungamo, yaani kiasi cha maada kinachokataa kubadilishiwa mwendo. Shingo hugeuzwa kuwa springi inayorudisha kilichovutwa, pamoja na kifaa cha kunyonya nguvu ya mtikisiko ambacho mafundi wa magari hukiita shokapu. Kanuni ya springi ni ile iliyotangazwa na Robert Hooke mwaka 1678, kwamba nguvu ya kurudisha hulingana na kiasi cha mvuto, na kwa kanuni hiyo pamoja na zile za Newton mtu anaweza kuandika mlinganyo ambao, ukipewa mtikisiko wa kiti, hutoa mtikisiko wa kichwa. Modeli rahisi ina vipande viwili au vitatu. Ya kati huchora kila pingili kama kipande kinachojitegemea kilichounganishwa na jirani zake. Na iliyo tata zaidi huigawa mifupa, gegedu na misuli katika maelfu ya vijisehemu ambavyo kompyuta huvikokotoa kimoja kimoja.

Nyuma ya kazi hiyo kuna nasaba ndefu ya fikra. René Descartes, katika kitabu chake juu ya mwanadamu kilichochapishwa kwa Kilatini mjini Leiden mwaka 1662, miaka 12 baada ya kifo chake, aliueleza mwili kama mashine, akazifananisha neva na mabomba ya chemchemi katika bustani za wafalme, ambamo maji yalizifanya sanamu zisogee pale mgeni alipokanyaga kigae fulani. Descartes alibakiza roho nje ya mashine hiyo. Lakini mwishoni mwa mwaka 1747 Julien Offray de La Mettrie alitoa kitabu ambacho jina lake lenyewe lilimwita mwanadamu mashine, na humo roho haikuachiwa chumba cha peke yake. Modeli ya kichwa na shingo haitamki lolote juu ya roho, ila imerithi kutoka kwa hao wawili dhana kwamba mwili unaweza kueleweka kikamilifu kama kitu kinachosukumwa.

Ingekuwa si haki kuidharau dhana hiyo. Kiti kinachopunguza maumivu ya mgongo ya mwendesha trekta kimetokana na hesabu za namna hii, na hakuna hata kipimo kimoja kilichowahi kuonyesha pingili ya shingo ikisogea kinyume cha kanuni za Newton kwa kuwa mwenye shingo amependa iwe hivyo. Anayetafuta roho katika nyufa za mlinganyo, akitarajia kwamba siku moja hesabu itakwama na hapo roho itaonekana ikisukuma, anaitafuta mahali ambapo haitapatikana. Ugumu wa kweli ulijitokeza kwa njia nyingine: kadiri modeli zilivyotafuta usahihi, ndivyo zilivyolazimika kuuliza maswali ambayo hayahusu vitu, bali humhusu mtu.

Dalili ya kwanza ni kwamba springi ya shingo na kiwiliwili haikubali kuwa na ugumu mmoja. T. E. Fairley na M. J. Griffin wa Chuo Kikuu cha Southampton, katika utafiti wao wa mwaka 1989 uliohusisha watu 60, wakiwamo wanaume, wanawake na watoto, walionyesha pia kwamba mtetemo wa wima ukiongezwa kutoka mchapuko wa 0.25 hadi 2.0, resonansi ya mwili ulioketi hushuka kutoka karibu hezi 6 hadi karibu hezi 4, maana yake mwili hujifanya laini zaidi kadiri unavyotikiswa kwa nguvu zaidi, jambo ambalo springi ya Hooke haiwezi. Mkao nao hubadilisha majibu: aliyenyoosha mgongo hutoa mstari mmoja, aliyelegea hutoa mwingine, na aliyeegemea kiti hutoa wa tatu. Hata ndani ya mtu mmoja, kwa hiyo, shingo haina namba yake ya kudumu. Namba hutegemea jinsi mtu huyo anavyokaa, na kukaa ni kitenzi cha kutenda.

Dalili ya pili inatokana na ukweli kwamba kichwa kimewekwa juu ya shingo kama fimbo iliyosimamishwa kwenye kiganja, ambayo haiwezi kusimama hata kidogo isipokuwa kiganja kiwe kinasogea kuifuata. Kazi ya kiganja hufanywa na misuli ya shingo, ikiongozwa na habari kutoka machoni, katika misuli yenyewe, na katika sikio la ndani, ambako mna mirija iliyojaa umajimaji inayohisi mzunguko wa kichwa na viungo vidogo vinavyohisi mchapuko. Sehemu kubwa ya uongozi huo ni refleksi, yaani jibu la mwili linalotoka kabla hiari haijapata nafasi ya kushauriwa, na wahandisi wameiingiza katika milinganyo yao kama mzunguko wa mrejesho wenye kuchelewa kidogo. Lakini si yote ni refleksi. Katika kona, dereva huinamisha kichwa upande wa ndani wa kona, wakati abiria aliye kando yake, ndani ya gari lile lile na chini ya mchapuko ule ule, kichwa chake huangukia nje. Na ni jambo la kawaida dereva kutopatwa na kichefuchefu katika safari inayowatapisha wenzake. Kinachowatenganisha ni kwamba mmoja anajua kona inakuja kwa kuwa yeye ndiye anayeikata.

Ujuzi huo wa kutenda una alama yake katika mfumo wa fahamu. Mwaka 1950 Erich von Holst na Horst Mittelstaedt walipendekeza kwamba ubongo unapotuma amri ya kusogeza kiungo hubakiza nakala ya amri hiyo, kisha huitumia kuondoa, katika habari zinazorudi, ile sehemu iliyosababishwa na tendo lake wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 21 Kathleen Cullen na wenzake, waliopima seli za neva za nyani zinazopokea habari kutoka sikio la ndani, walikuta kwamba baadhi ya seli hizo huitikia kwa nguvu mnyama anapogeuzwa kichwa na mashine, ila hufifia anapokigeuza mwenyewe, ingawa mwendo wa kichwa ni ule ule. Mwili wenyewe, basi, hutofautisha kutikisa na kutikiswa, na huanza kufanya hivyo mapema kabisa katika njia ya habari, kabla ya maneno na kabla ya falsafa.

Mfano mwingine unatoka Kenya. Mwaka 1986 G. M. O. Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima nishati inayotumiwa na wanawake wa Kijaluo, waliobeba mizigo utosini, na wa Kikuyu, walioibeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila nishati ya kutembea kuongezeka, na utafiti uliofuata miaka ya tisini ulieleza kwamba walikuwa wameboresha namna mwili unavyopanda na kushuka katika kila hatua, hivi kwamba nguvu ya hatua moja ilihifadhiwa zaidi kwa ajili ya hatua ifuatayo. Ngata inayowekwa kichwani chini ya mtungi inaweza kuingizwa katika mlinganyo kwa urahisi, kwa kuwa ni springi na shokapu ya kitambaa au ya majani. Lakini shingo iliyo chini ya ngata ina miaka ya mafunzo ndani yake, na ugumu wake kwa kila hatua ni matokeo ya kile ambacho mwenye shingo alijizoeza kukifanya tangu utoto.

Mtetezi wa mashine ana jibu, nalo linastahili kusikilizwa kwa ukamilifu wake. Atasema kwamba mkao, mazoea, matarajio na nakala ya amri vyote hutokea katika misuli na neva, na kwamba kinachohitajika ni modeli kubwa zaidi, yenye mizunguko mingi zaidi ya mrejesho, hadi dereva naye awe mlinganyo. Hakuna hoja ya kumzuia kuendelea, wala haielekei kwamba juhudi zake zitakuwa bure. Hata hivyo kuna jambo katika utaratibu wa majaribio yake ambalo ukubwa wa modeli hauligusi. Kabla ya jukwaa la kutetemesha kuwashwa, mtafiti kwa kawaida humweleza aliyeketi atakayofanyiwa, humwomba ridhaa yake, kisha humpa maelekezo: akae wima, aweke mikono mapajani, atazame mbele, alegeze misuli na asijaribu kuupinga mtikisiko. Maelekezo hayo huonekana kama maandalizi tu, yanayoandikwa kwa sentensi moja kabla ya takwimu kuanza, lakini ndiyo msingi wa takwimu zote. Shingo ambayo modeli huieleza kama kitu kinachotikiswa ni shingo ya mtu aliyeombwa akubali kutikiswa, akaelewa ombi, akakubali, na akaendelea kukubali kwa muda wote wa jaribio. Mdoli wa kupimia ajali haombwi chochote, wala maiti haiombwi. Huyu peke yake ndiye aliyeombwa, na asipotii, namba zake huharibika.

Jambo hili halikuwa geni kwa wanazuoni wa kiroho. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya Ulum al-Din alipoeleza daraja za tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, aliiweka juu kabisa ile ya mja anayekuwa mbele ya Mola wake kama maiti mikononi mwa mwoshaji, akigeuzwa upande autakao mwoshaji bila kujigeuza mwenyewe. Uzito wa mfano huo umo katika jambo ambalo mfano wenyewe haulisemi: maiti halisi haina tawakkul yoyote. Ni aliye hai tu, mwenye uwezo wa kukaza shingo, anayeweza kuilegeza, na kule kuilegeza ni kazi ngumu inayohitaji maisha mazima ya kujifunza. Methali isemayo mwosha huoshwa hukumbusha kwamba ipo siku kila mtenda atakuwa mtendwa kabisa, na siku hiyo, pengine, shingo yake italingana na mlinganyo wa tungamo na springi bila mabaki. Kabla ya siku hiyo, hata kutulia kwake ni tendo.

Kutokana na hapo swali la mwanzo linaanza kupata sura ya jibu. Ludwig Wittgenstein, katika uchunguzi wake wa kifalsafa uliochapishwa mwaka 1953, aliuliza kinachobaki iwapo kutoka katika tendo la mtu kuinua mkono utaondolewa ukweli kwamba mkono ulipanda. Waliodhani kwamba lazima kibaki kitu cha ziada, msukumo wa siri uliotangulia mwendo, walijikuta wakitafuta sababu ya pili kando ya ile ya misuli, na hawakuipata. Sheria ya ibada inaonyesha njia bora ya kuliona jambo hili. Mwislamu huimaliza sala yake kwa kugeuza kichwa kulia, kisha kushoto, akitoa salamu. Lakini kichwa cha abiria kilichogeuzwa kulia na msukosuko wa gari hakikamilishi sala ya mtu, hata kama pembe ya shingo ni ile ile. Hadithi mashuhuri juu ya nia, ambayo Bukhari aliiweka mwanzoni mwa Sahihi yake, haifundishi kwamba nia ni nguvu nyingine inayosukuma shingo sambamba na misuli. Nia ndiyo inayolijibu swali la huu ni mwendo gani, na mwenye kuulizwa ni mtu, kwa sababu yeye anaweza kujibu, kuomba radhi, au kusema kwamba hakukusudia. Tofauti ya kutikisa na kutikiswa, basi, imo katika uwezo wa kuulizwa, na mlinganyo haukuundwa kuulizwa hivyo.

Kukubali hilo kuna matokeo ya kimaadili, kwa sababu modeli hutumika kuamua nani atatikiswa kiasi gani. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002, lenye namba 2002/44/EC, limeweka kwa siku ya kazi ya saa nane mchapuko wa 0.5 kuwa kiwango ambacho mwajiri akikivuka sharti achukue hatua, na wa 1.15 kuwa mpaka usiovukwa. Namba hizo zimesaidia wafanyakazi wengi kudai haki yao, lakini hakuna mlinganyo uliozizaa peke yake. Hesabu huweza kusema kichwa kitasogea kiasi gani, na uchunguzi wa tiba ukasema maumivu yanaongezeka kwa kadiri gani, ilhali kauli kwamba maumivu kiasi hiki yanatosha ni hukumu iliyotolewa na watu juu ya watu wengine. Zaidi ya hayo, mtu ambaye modeli humwakilisha mara nyingi ni yule wa wastani, mrithi wa mtu wa kati aliyebuniwa na Adolphe Quetelet mwaka 1835, na ambaye Gilbert Daniels, alipochunguza vipimo 10 vya marubani 4,063 wa Jeshi la Anga la Marekani katika ripoti ya mwaka 1952, hakumpata hata mmoja, kwa kuwa hapakuwa na rubani aliyekuwa karibu na wastani katika vipimo vyote kwa pamoja. Methali isemayo mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi huwahusu hasa wale wanaokadiria mtikisiko wa wengine kutoka katika ofisi yenye sakafu tulivu, maana kosa linaloonywa na methali hiyo haliko katika kupima mzigo, bali katika kusahau kwamba kipimo hakikuulizwa kwa aliyeubeba.

Kiswahili kinao usemi wa kukubali jambo shingo upande, yaani kulikubali bila moyo kuwapo, na usemi huo umeiweka ridhaa ya mtu mahali pale pale ambapo wahandisi wameweka springi. Dereva wa lori anayeendesha kutwa nzima katika barabara mbovu kwa kuwa hana kazi nyingine anatikiswa kwa hezi zile zile na kwa mchapuko ule ule anaoweza kutikiswa nao mshiriki wa jaribio katika maabara, lakini mmoja aliombwa, akaambiwa kwamba anaweza kusimama na kuondoka wakati wowote, na mwingine hakuambiwa. Modeli, ikiwa sahihi, itatoa mstari mmoja kwa wote wawili, na haitakuwa imekosea hesabu. Ombi lile la kukaa wima na kutazama mbele, linaloandikwa kwa sentensi moja kabla ya takwimu, ndilo linalowatenganisha watu hao wawili, na ni wajibu wa msomaji wa takwimu kuangalia, kabla ya kugeuza ukurasa, kama sentensi hiyo iliandikwa.